Mama Lishe Kwenye Karatasi: Ushauri kwa Walimu na Wanafunzi wa Sanaa

Mwalimu wa sanaa anayetafuta mradi wa muhula mzima kwa wanafunzi wa sekondari asiende mbali. Nje ya lango la shule nyingi hapa kwetu pana banda la bati au la mabanzi, benchi mbili, meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, jiko la mkaa linalowaka tangu alfajiri, na mama anayewalisha madereva wa bodaboda, mafundi, vibarua na walimu wenyewe. Wanafunzi hupita hapo kila siku. Wachache sana wamewahi kupatazama kwa jicho la mchoraji.

Makala hii ni kwa mwalimu anayetaka kulifanya banda hilo kuwa somo, na kwa kijana atakayekwenda na kitabu chake cha michoro. Nina msimamo mmoja, nao utaonekana katika kila nitakaloshauri: mgahawa wa barabarani ni mahali pa kazi, na aliyeujenga ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kuziona picha na kuzitolea hukumu. Mradi ukianza kwa heshima hiyo, picha zenyewe huwa nzuri zaidi, maana mwanafunzi hulazimika kuchora anachokiona, na kuacha kile alichozoea kukikisia.

Kwa nini sasa? Kwa sababu mabanda haya yanahama na kubadilika kuliko tunavyodhani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu nchini Tanzania kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande wa katikati ya barabara, na tangu hapo alama ya X ya rangi nyekundu, ya jengo la kubomolewa, imekuwa sehemu ya sura ya njia zetu kuu. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara katika miji mingi, na mama lishe walikuwa miongoni mwao. Mwaka huohuo, jijini Dar es Salaam, mabasi ya mikoani yalihama Ubungo kwenda Mbezi Luis, na biashara ya chakula iliyozoea abiria wa Ubungo ikabidi iwatafute upya. Kenya nayo, treni ya abiria ya reli mpya ilipozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017, miji ya njiani kama Mtito Andei, iliyokuwa ikiishi kwa wasafiri wanaoshuka kula, ilionja upungufu wa wateja.

Jiko nalo linabadilika. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi, na mama lishe wengi wameshagawiwa mitungi ya gesi. Hilo ni jema kwa mapafu ya mama na kwa misitu yetu, na sitaki mwanafunzi yeyote auchore moshi kana kwamba ni kitu cha kutamaniwa. Lakini jiko la mkaa, kibao cha kusukumia chapati, ukuta uliopigwa masizi na ndoo ya koki ya kunawia mikono ni vitu ambavyo havijachorwa vya kutosha. Mchoraji John Baeder wa Marekani aliacha kazi yake ya matangazo ya biashara mwaka 1972 akaanza kuchora migahawa midogo ya barabarani ya nchini kwake, wakati mingi ilikuwa ikifungwa na kubomolewa. Leo baadhi ya migahawa ile haipo tena, ila picha zake zipo. Sisi tunaweza kuanza mapema zaidi, mama akiwa bado yupo jikoni na supu ikiwa bado inachemka.

Katika kuchagua mahali, chagueni padogo na pa karibu. Hoteli kubwa zinazopokea mabasi, ambako abiria hupewa dakika chache za kula na kuchimba dawa, zinavutia kwa pilika zake, lakini hakuna anayeweza kukaa hapo akachora kwa utulivu, na mwenye hoteli hana nafasi ya kuzungumza na watoto wa shule. Tafuteni banda ambalo mwenyewe ndiye anayepika. Wanafunzi wanne kwa banda moja wanatosha. Darasa la watu arobaini likivamia meza mbili, wateja watakimbia, na hasara ya siku hiyo ataibeba mama. Ligaweni darasa katika vikundi, kila kikundi na banda lake, na kila banda liwe umbali wa kutembea kwa miguu. Kama shule iko kando ya barabara kuu, wachoraji wakae upande wa ndani, mgongo ukiwa umeelekea ukuta, kamwe wasikae ukingoni mwa lami. Hili mwalimu alikague mwenyewe kabla ya siku ya kwanza.

Kila njia ina chakula chake, na mradi ufuate cha hapo mlipo. Shule ya Mombasa au Lamu itachora mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, na viazi karai jioni. Ya Zanzibar ina urojo. Ya Gilgil iko jirani na Kikopey, ambako nyama choma ndiyo jina la mahali. Ya Masaka, Uganda, inaweza kwenda Lukaya, ambako wachuuzi hukimbilia madirisha ya mabasi wakiwa na nyama na gonja za kuchoma mikononi. Ya Singida isikose kuku. Msichore pilau kwa sababu mliiona kwenye picha ya mtu mwingine, ilhali mama wa hapo kwenu anapika makande.

Sasa nije kwenye jambo ambalo walimu wengi hulipitia haraka, nalo ndilo linaloamua kama mradi utakuwa na uhai: kuomba ruhusa. Mwalimu aende kwanza bila wanafunzi na bila karatasi. Aende saa nne unusu, chai ya asubuhi ikiwa imekwisha na chakula cha mchana bado hakijaiva, au saa tisa alasiri vyombo vikiwa vinaoshwa. Asiende saa saba. Saa saba mama anapakua, anapokea hela, anarudisha chenji, anakumbuka nani hajapewa maharage, na mtu anayemwambia habari za sanaa wakati huo anamharibia kazi. Aagize chai na chapati, ale, alipe, ndipo aseme shida yake. Aeleze wanafunzi watakuja lini, watakaa wapi, watafanya nini na picha zitakwenda wapi. Amwambie mama waziwazi kwamba anaweza kukataa, na anaweza kukubali leo akakataa kesho. Barua ya mkuu wa shule ifuate baadaye, na nakala yake apewe mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu vijana wanaokaa wakiandika na kuchora karibu na vibanda huzua hofu: wengi watadhani ni watu wa manispaa wanaokuja kuweka alama za kubomoa.

Mwanafunzi naye ana adabu zake. Shikamoo iwe ya kwanza, kabla ya penseli kutoka mfukoni. Anunue kitu, hata kikombe cha chai ya rangi au andazi moja, na shule itenge fungu dogo kwa ajili hiyo ili asiyekuwa na hela asione aibu. Mteja akija na benchi zimejaa, mchoraji asimame ampishe. Na wateja nao waulizwe. Kuna mtu anayekula hapo kwa sababu hana hela ya kwenda kwingine wiki hiyo, na hataki sura yake ibandikwe ukutani. Mchore mgongo wake, mkono wake ulioshika tonge, au viatu vyake chini ya meza, au usimchore kabisa. Picha za simu zina uzito wake wa kisheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mimi ningeshauri simu zikae shuleni kwa wiki mbili za kwanza. Mwanafunzi mwenye simu hupiga picha moja, akarudi nyumbani akainakili, na kumbe kilichokuwa kinafaa kuchorwa kilitokea dakika kumi baada ya yeye kuondoka.

Wapeni wanafunzi maswali ya kuuliza, lakini si yale ya semina. Ukimuuliza mama "unakabiliwa na changamoto zipi?" atakupa jibu alilowahi kumpa mtu wa mradi fulani. Muulize unga wa leo ameukanda saa ngapi. Muulize anajuaje mafuta yameshika moto wa kutosha kabla ya kutumbukiza maandazi. Muulize sufuria ile kubwa aliinunua lini, na ni nani aliyemfundisha kupika kiasi cha watu wengi, maana kupikia watu sitini si sawa na kupikia familia. Muulize mkaa wa miti gani haurushi cheche. Majibu ya maswali kama haya yanazaa picha. Msichana akishaambiwa kwamba mafuta hujaribiwa kwa kipande kidogo cha unga kinachopanda juu kikichemka, atakichora kipande hicho, na mtazamaji yeyote aliyewahi kupika atajua kwamba mchoraji alikuwapo.

Kuhusu kuchora kwenyewe, nitakaa hapa kidogo, kwa sababu banda la mama lishe ni darasa kamili la uchoraji na halina ada.

Anzeni na sufuria. Hakuna kitu kinachowashinda wanafunzi wa sekondari kama duaradufu, lile duara linaloonekana limebonyea ukilitazama kwa upande. Vitabuni hufundishwa kwa glasi moja juu ya meza. Bandani kuna sufuria kumi za ukubwa tofauti katika vimo tofauti. Sufuria iliyo jikoni chini, ukisimama juu yake, mdomo wake unakaribia kuwa duara kamili. Iliyo mezani mdomo wake umebonyea. Iliyofunikwa juu ya rafu, usawa wa macho yako, mdomo wake ni mstari. Mwambie mwanafunzi achore sufuria ileile akiwa amesimama, kisha akiwa ameketi kwenye benchi, kisha akiwa amechuchumaa. Mwonyeshe pia kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya: huchora mdomo wa mviringo na kitako kilichonyooka kama rula. Kitako cha sufuria iliyo chini ya usawa wa macho kimepinda kuliko hata mdomo wake. Akilishika hilo, ameshika nusu ya somo la kina cha picha.

Baada ya sufuria, mikono. Kazi ya jikoni inajirudia, na hiyo ni bahati kubwa kwa mchoraji, kwani mkono uliompita utarudi palepale baada ya sekunde chache. Kukanda, kukata madonge, kusukuma, kupaka mafuta, kukunja, kusukuma tena, kuweka kwenye chuma, kugeuza. Chapati moja ina mikao minane ya mkono, na mama anayetengeneza chapati hamsini anamrudishia mwanafunzi karibu kila mkao mara hamsini. Achore kwa haraka, dakika moja kila mchoro, bila kufuta, karatasi ijae. Michoro ya mwanzo itakuwa mibaya. Ifikapo ya ishirini, kiwiko kitaanza kukaa mahali pake. Kusonga ugali ni kugumu zaidi kwa sababu nguvu haiko mkononi tu: inatoka kwenye nyayo zilizotanuliwa, inapita mgongoni, ndipo inafika kwenye mwiko. Mwanafunzi anayechora mikono na mwiko peke yake atapata picha ya mtu anayekoroga uji. Achore mwili mzima.

Kisha mwanga. Ndani ya banda la bati mwanga huingia kwa upande mmoja, mara nyingi kutoka mbele, na ndani kuna giza. Matundu ya misumari juu ya paa hutoa miali myembamba inayoonekana kwa sababu ya moshi. Huu ndio mwanga ambao wachoraji wakubwa waliutafuta kwa kufunga madirisha ya vyumba vyao, nanyi mnao bure. Ili kuuchora, paka karatasi yote mkaa mwepesi kwanza, ipate rangi ya kijivu, halafu ongeza giza panapostahili na ufute panapong'aa. Kwa kufutia tumia nyama ya ndani ya mkate mweupe, iliyofinyangwa ikawa tonge. Wachoraji waliitumia kabla raba hazijagunduliwa, na bado inafanya kazi vizuri. Mvuke wa chai huondolewa hivyohivyo, kwa kufuta polepole kuelekea juu. Ubavu wa sufuria ya alumini uache uwe karatasi tupu pale unapometa, usipake nyeupe juu yake.

Vifaa visiwe kisingizio. Mkaa wa kuchorea hutengenezwa shuleni: kata vijiti vikavu vya unene wa kidole, vipange ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, toboa tundu moja dogo kwenye kifuniko, zika kopo kwenye makaa mpaka moshi uache kutoka tunduni, kisha liache lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Ukilifungua likiwa la moto, hewa itaingia na vijiti vitawaka. Wino mweusi hutokana na masizi ya kitako cha sufuria, ambayo mama atawapa kwa furaha. Yachekecheni kwa kitambaa chepesi, weka tone la sabuni kwa sababu masizi hukataa maji, kisha changanya na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu. Majani ya chai yaliyochemshwa sana hutoa kahawia nzuri ya kupaka tabaka juu ya tabaka. Bizari ya manjano hutoa rangi kali inayofurahisha macho, ila hufifia upesi juani, basi itumike kwenye kurasa za kitabu cha michoro tu, si kwenye picha ya kutundika nje.

Shule zenye fedha kidogo zaidi zinaweza kufuata njia ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam kuchora kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya mbao nyembamba za kupigia dari. Alifariki mwaka 1972, lakini njia ile imeendelea kuwalisha wachoraji hadi leo. Vipande vya ubao hubaki kwa mafundi seremala, na makopo ya rangi yaliyobakia nusu yako katika kila nyumba inayojengwa. Uzuri wa rangi hizi ni kwamba haziogopi moshi wala mvua, na picha iliyochorwa nazo inaweza kuishi ndani ya banda. Nawaombeni jambo moja tu: chukueni kwa Tingatinga vifaa na ujasiri wake wa rangi, twiga na tembo waacheni. Maduka ya watalii yana wengi wa kutosha.

Wanaopenda nguo wajaribu kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, na mpangilio huo unalipokea banda la mama lishe bila shida: pindo la vikombe na vijiko vinavyofuatana, mji wenye sinia kubwa katikati, na jina chini. Jina alichague mama mwenyewe. Kitambaa cha marekani ni cha bei nafuu, na mihuri huchongwa kwenye mihogo mibichi au kwenye nyayo za kandambili zilizochakaa, ambazo hukatika vizuri kwa wembe na hudumu kuliko mihogo. Kikundi kimoja kifanye hivyo, si darasa zima.

Usisahau maandishi. Mgahawa wa barabarani huzungumza kwa kuta zake: bei kwa chaki kwenye ubao, jina la mgahawa kwa rangi mbili na kivuli cha herufi, onyo kwamba mkopo ni kesho, na tangazo la vocha lililoletwa na kampuni ya simu. Chéri Samba wa Kinshasa, anayejulikana leo duniani kote, alianza kama mchoraji wa mabango kabla ya kufungua karakana yake mwaka 1975, na mpaka leo huandika maneno ndani ya picha zake. Mwanafunzi anayeyaondoa maandishi ili picha "ipendeze" anaondoa sauti ya mahali. Ayaandike kama yalivyo, hata herufi iliyorukwa aiache imerukwa, mradi mama ameridhia. Na kama mtaani kwenu bado kuna fundi wa mabango anayechora kwa brashi, mwalikeni darasani siku moja na mlipeni ujira wa siku. Ana ujuzi wa kupima herufi kwa jicho ambao vyuo vingi havifundishi tena, na mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine yanampokonya kazi.

Kuna mitego miwili ambayo mwalimu aiangalie tangu wiki ya kwanza. Wa kwanza ni huruma. Mwanafunzi aliyezoea matangazo ya mashirika atachora nzi, tope, kitenge kilichochanika na jicho la huzuni, akidhani amesema ukweli mzito. Lakini mtu anayeamka saa kumi usiku, anayejua bei ya mchele ya wiki hii na ya wiki iliyopita, anayewapa wateja chakula kwa imani na kuwakumbuka wote bila daftari, si mtu wa kuhurumiwa. Ni bingwa wa kazi yake. Mtego wa pili ni kinyume cha huo: kusafisha kila kitu, kumvalisha mama nguo mpya na kumpa tabasamu la kalenda. Akiona picha ya namna hiyo atacheka kwa adabu, na hatajitambua. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyekuwa baadaye balozi wa nchi yetu jijini London, alichora watu wa Kilimanjaro wakiwa kazini bila kuwahurumia wala kuwapamba. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Walimu waitafute na kuwaonyesha vijana jinsi jambo la kijijini tu, likitazamwa kwa heshima, linavyosimama mahali popote.

Alama zitolewe zaidi kwa kitabu cha michoro kuliko kwa picha ya mwisho. Picha ya mwisho inaweza kusaidiwa na kaka mwenye kipaji. Kurasa thelathini za mikono inayosukuma chapati haziwezi.

Kisha maonyesho. Desturi ni kutundika kazi kwenye ukumbi wa shule siku ya wazazi, mgeni rasmi akapita, akapiga makofi, mambo yakaisha. Mimi nasema ukumbi uwe wa pili. Maonyesho ya kwanza yafanyike bandani, siku ya gulio au Jumamosi mchana, picha zikiwa zimefungwa plastiki angavu kuzikinga na mafuta, zimening'inizwa kwa kamba na vibanio vya nguo. Wateja wale wakizitazama. Mwanafunzi asimame karibu asikilize. Dereva wa lori akisema "mkono wa mama haushiki upawa hivyo," hiyo ni tathmini bora kuliko ya mtihani wowote, na bado kuna muda wa kuirekebisha picha. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi kama Tshibumba Kanda Matulu waliwauzia picha zao majirani, watu waliofanya kazi migodini na mjini, wakazitundika sebuleni; na Tshibumba alizieleza picha zake za historia ya Kongo kwa Kiswahili, lugha ya watu walewale. Sanaa ile haikusubiri ukumbi.

Kabla picha yoyote haijaondoka kwenda shuleni, mama achague moja ibaki kwake. Achague wa kwanza, kabla ya mkuu wa shule na kabla ya mgeni rasmi, na apewe ileile aliyoitaka, hata kama ndiyo ambayo mwalimu alikusudia kuipeleka mashindanoni. Kama kuna picha aliyomo na asiyoitaka ionekane, isionyeshwe. Na kama picha zitauzwa, mgawanyo uandikwe mapema kwa maneno mepesi: sehemu ya mwanafunzi, sehemu ya klabu ya sanaa, sehemu ya mwenye banda. Pesa zinazoongelewa baada ya kupatikana huharibu ujirani.

Mwalimu, mradi huu hauhitaji kibali cha wizara wala mfadhili. Unahitaji barua moja ya mkuu wa shule, daftari lisilo na mistari kwa kila mwanafunzi, fungu la chai, na saa mbili kwa wiki kwa muhula mmoja. Nawasihi wakuu wa shule muisaini barua hiyo muhula unapofunguliwa, msingoje wiki ya mitihani. Nanyi vijana, mtakapoketi kwenye benchi ile, agizeni chai kwanza.